Uzoefu wangu: kutengeneza na kupanga upya printa za risiti na lebo kwenye farmasia yetu, Lubumbashi

Nianze na hukumu yangu, kwa wasio na muda wa kusoma yote. Fundi wa mashine za kaunta aliye karibu na soko la Mzee Kabila alitufanyia kazi nzuri, bei yake ilistahili, na mwenye farmasia, alimantasio (duka la vyakula) au depo yoyote hapa Lubumbashi ampelekee printa yake kabla ya kufikiria kununua nyingine. Malalamiko ninayo pia, nayo nitayasema.

Sisi tunauza dawa Katuba, moja ya komuni za mji huu. Kaunta yetu ina mashine mbili: moja ya risiti, ya karatasi yenye upana wa milimita 80, na nyingine ndogo ya lebo, inayochapa vibandiko vya milimita 50 kwa 30 tunavyobandika kwenye mifuko ya dawa. Zote hazitumii wino. Karatasi yenyewe imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi ikipata joto, na ndani ya mashine kuna kichwa cha kuchapia, ambacho ni safu ya vinukta vidogo vinavyopata moto na kupoa haraka sana, 8 katika kila milimita. Ukilielewa hilo, mengine yote niliyofanyiwa utayaelewa.

Kilichonisukuma kutafuta fundi ni lebo. Mistari myeupe ilianza kushuka katikati ya maandishi, toka juu hadi chini, mahali palepale kwenye kila lebo. Kwenye risiti ya Paracetamol hilo ni kero tu. Kwenye lebo ya Amoxicilline ni hatari. Tunaandika "kila baada ya saa 8". Mstari mweupe ukipita kwenye ubavu wa kushoto wa hiyo 8, mama aliyebeba mtoto mwenye homa atasoma 3. Nilipoishika mkononi lebo ya namna hiyo niliizima mashine, tukarudi kuandika kwa kalamu mpaka ipone. Naomba kila mwenye farmasia anayesoma hapa azitazame lebo zake leo, azisome kama mgonjwa atakavyozisoma nyumbani kwenye mwanga wa simu.

Fundi wa kwanza aliyekuja dukani aliiangalia lebo tu, akasema kichwa kimeungua, akataja bei ya mashine mpya aliyokuwa nayo. Nilipomwomba ajaribu kwanza kusafisha, alitoa bisibisi akitaka kukwangua. Nilimzuia. Juu ya vile vinukta kuna tabaka jembamba sana la kinga, na chuma kikipita pale mara moja tu, vinukta kadhaa vinaweza kufa.

Yule wa sokoni alianza kwa kuiuliza mashine yenyewe. Aliizima, akashika kitufe cha FEED, kile cha kusogeza karatasi, akaiwasha huku bado amekishika. Ikatoa karatasi ya majaribio yenye kila kitu: toleo la programu yake ya ndani, aina ya muunganisho, ukolezi wa maandishi, jedwali la herufi, hali ya lugha. Aliisoma yote kwa utulivu, kisha akaniambia, "Mama, hii mashine haijakufa. Inadai usafi, na kuna aliyeipanga vibaya." Akaniwekea karatasi ile mezani, akanionyesha kwa kidole mstari kwa mstari. Kwangu mimi hapo ndipo alipojipatia kazi.

Usafi wenyewe haukuchukua muda, ila namna alivyoufanya inafaa kusimuliwa. Alichomoa waya wa umeme, akafungua kifuniko, akaacha kichwa kipoe. Halafu pamba yenye alkoholi ya isopropili, ile ya asilimia 90 na kuendelea. Ile ya 70 tunayopangusia ngozi kabla ya sindano ina maji mengi, hakuikubali. Alipangusa kutoka katikati kwenda pembeni, bila kurudisha pamba ileile, na pamba ilitoka na rangi ya udongo. Hilo halikunishangaza: kuanzia mwezi wa tano mpaka mvua zirudi, vumbi jekundu linaingia hata kwenye kabati lililofungwa. Rola ya mpira ilikuwa imeganda gundi ya lebo; aliizungusha taratibu kwa kidole huku akiipangusa pande zote. Sensa, lile jicho linaloitambua karatasi, akaipuliza. Akaacha kila kitu kikauke ndipo akarudisha umeme.

Mistari karibu yote ilitoweka. Ulibaki mmoja, mwembamba kama unywele, na huo akaniambia wazi kwamba ni kinukta kilichokufa na hakuna pamba itakayokifufua. Alichofanya ni kusogeza maandishi ya lebo milimita chache kulia, ili mahali pa kinukta hicho paangukie ukingo ambao hauna kitu. Nilipenda uaminifu huo, na nikapenda zaidi kwamba alifikiria mgonjwa atakayesoma.

Sasa tuje kwenye mipangilio, kwa sababu hapo ndipo pesa yangu ilipofanya kazi kubwa.

Programu yetu ya mauzo inaandika majina ya dawa kwa Kifaransa, kama yalivyo kwenye boksi. Tangu tuliponunua mashine ya risiti, Artéméther, dawa ya malaria, ilikuwa ikitoka na alama za Kichina katikati na herufi zimepungua. Wauzaji walishakubali kwamba ndivyo ilivyo, wakawa wanaandika majina bila alama zake. Mimi sikuwahi kukubali. Jina la dawa ni jina la dawa, na mtu akirudi na risiti kuuliza alichopewa, lazima lisomeke.

Fundi alinieleza hivi. Mashine haipokei herufi, inapokea namba. Karibu kila printa ya risiti inafuata lugha ya amri inayoitwa ESC/POS, iliyoanzishwa na kampuni ya Epson ya Japani. Namba ndogo, hadi 127, ni karibu sawa kila mahali, lakini kuanzia 128 hadi 255 maana yake inategemea jedwali ulilochagua. Kwenye jedwali la Windows linaloitwa 1252, é ni namba 233. Kwenye jedwali la zamani, 437, namba hiyohiyo ni herufi ya Kigiriki Θ. Na mashine ikiwa katika hali ya Kichina, kama nyingi zinavyotoka kiwandani, inaichukua 233 pamoja na herufi inayoifuata, inazifanya alama moja. Ndiyo maana m na t za Artéméther zilikuwa zikimezwa. Alizima hali ya Kichina kwa programu ndogo ya mipangilio kwenye kompyuta, akachagua jedwali la 1252, akachapa mbele yangu: Artéméther, Luméfantrine, comprimé, reçu. Yote yakatoka safi.

Alama ya dola nayo ilikuwa na ugonjwa wa ukoo mmoja. Seti ya herufi ilikuwa imewekwa ya China, na katika seti hiyo nafasi ya $ inakaliwa na ¥. Katika mji ambao mtu analipa dola 10 na kurudishiwa faranga, risiti yenye alama ya pesa ya nchi nyingine inaleta maneno kwenye kaunta. Aliibadilisha kwa muda mfupi kuliko niliotumia kuandika aya hii.

Upana nao ulikuwa umekosewa. Aliyetufungia programu mwanzoni aliiacha kwenye karatasi ya 58, ambayo inabeba herufi 32 kwa mstari, wakati karatasi yetu ya 80 inabeba 48. Jina refu la dawa lilikuwa likijaza mstari, bei ikaangukia chini, na TVA, ile kodi ya ongezeko la thamani, ikasimama peke yake bila kujulikana ni ya nini. Baada ya kurekebisha, jina, idadi na bei vinakaa mstari mmoja, na roli linadumu zaidi. Wateja waliligundua jambo hili kabla ya lingine lolote.

Mashine ya lebo ilihitaji kupimishwa upya ili ijue lebo moja inaishia wapi. Sensa yake inapitisha mwanga kwenye karatasi ya nyuma na kutafuta pengo kati ya kibandiko na kibandiko. Kwetu ni milimita 2. Tulipobadilisha aina ya roli hakuna aliyeipimisha, kwa hiyo maandishi yalikuwa yakiteremka kidogo kidogo mpaka nusu ya maelezo yanapanda lebo inayofuata. Ukibadilisha roli la aina nyingine, pimisha. Kitufe ni kilekile cha FEED, ingawa namna ya kukishika inatofautiana kati ya mashine na mashine.

Kuhusu ukolezi tulibishana. Mimi nilitaka maandishi meusi kabisa, kwa ajili ya wazee. Yeye alikataa kupandisha hadi mwisho: joto kubwa mno linakula kichwa, na watengenezaji wengi hukihesabia maisha ya kilomita 100 hadi 150 za karatasi endapo kitatumika vizuri. Badala yake alipunguza mwendo wa kuchapa na kuweka ukolezi wa kati. Mashine ikienda polepole, kinukta kinapata muda wa kuchoma sawasawa. Namkubalia, lebo zinasomeka vizuri, na kungoja sekunde moja zaidi hakumuumizi mteja.

Mwisho alipima adapta ya volti 24, akatuonya juu ya umeme. Printa hizi hula mkondo mkubwa ghafla zinapochapa sehemu nyeusi nyingi, na umeme wa SNEL, shirika letu la umeme, ukishuka jioni, mashine inazima na kuwaka katikati ya risiti. Tulikuwa tunalaumu kebo. Sasa printa zote mbili ziko kwenye ondileri (kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme) pamoja na kompyuta, na hata delestaji, yaani mgao wa umeme, ikija tunamaliza kumhudumia aliye mbele yetu. Alitaja pia tundu la nyuma ya mashine ya risiti linalofanana na la waya wa simu: ni la droo ya pesa, linatoa umeme wa kusukuma kufuli lake, kwa hiyo usichomeke simu pale kamwe.

Tulilipa dola 30 kwa mashine zote mbili, baada ya kuomba apunguze. Kwa kazi hiyo sioni kama ni ghali.

Malalamiko sasa. Hakutuachia maandishi yoyote ya alichobadilisha mpaka nilipoomba. Nilimtaka achape tena karatasi ya majaribio baada ya kumaliza, nikaipiga picha kwa simu, kwa sababu karatasi yenyewe itafifia. Hili fundi angepaswa kulifanya bila kuombwa: siku mashine ikirudi kwenye mipangilio ya kiwandani, mwenye duka lazima ajue pa kuirudisha. Dhamana yake ni ya mdomo. Hana vichwa vya akiba, na kile chetu kikizidi kufa itabidi kuagiza. Tena anasukuma sana uuzaji wa maroli yake. Ni laini kweli, na karatasi yenye mikwaruzo inakula kichwa kama msasa, lakini nilipomuuliza kama hayana bisfenoli A, kemikali ya karatasi za joto inayoweza kupenya ngozi na kudhuru afya, hakuwa na jibu, na kwenye boksi hapakuandikwa kitu. Umoja wa Ulaya umeizuia kemikali hiyo isizidi asilimia 0.02 kwenye karatasi hizi tangu Januari 2020. Wauzaji wangu wanashika risiti kutwa nzima, mara nyingi mikono ikiwa bado na jeli ya alkoholi, kwa hiyo nanunua maroli yaliyoandikwa waziwazi kwamba hayana, hata yakizidi bei kidogo.

Limebaki jambo moja ambalo hakuna mpangilio utakaolitatua. Lebo ya joto haivumilii jua, joto wala alkoholi. Chupa ya sirapu ikimwagikiwa jeli, lebo inaharibika. Ikiwekwa dirishani, inapauka. Kwa Paracetamol ya siku tatu sijali, mfuko utaisha kabla. Kwa wagonjwa wa shinikizo la damu na kisukari, ambao dawa zao zinakaa nyumbani mwezi mzima, nimemwomba fundi anitafutie mashine ya utepe, ile inayohamisha rangi kutoka kwenye utepe wa nta na resini kwenda kwenye lebo. Bei aliyotaja tumeikubali, mzigo unapitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na mpaka ufike lebo za wagonjwa hao tunaziandika kwa mkono, kalamu ya wino usiofutika, na muuzaji wa pili anasoma kabla mfuko haujatoka kaunta.