Mihadhara ya jioni kuhusu Tauni Kuu, Bagamoyo: miwili ya kati inastahili ada yote

Kituo kimoja kidogo cha mafunzo katika Mji Mkongwe wa Bagamoyo kimemaliza mfululizo wa mihadhara minne ya jioni kuhusu tauni iliyoikumba Ulaya katika karne ya 14, namna ilivyoibadili jamii, na hasa namna ilivyolitikisa Kanisa Katoliki. Ada ilikuwa shilingi 20,000 kwa mfululizo mzima, pamoja na makabrasha na chai ya tangawizi. Kwa maoni yangu, aliyehudhuria mhadhara wa pili na wa tatu tu hakupoteza fedha yake. Wa kwanza ni wa kawaida, na wa nne ungehitaji kuandikwa upya.

Wa kwanza ulieleza yale ambayo kitabu chochote cha historia kinayo: maradhi yalivyosafiri na merikebu za Genoa kutoka Bahari Nyeusi hadi Messina, Sisilia, mwezi wa Oktoba 1347, yakaenea hadi kaskazini ya mbali na kuua, kufikia mwaka 1353, kati ya theluthi na nusu ya watu wa Ulaya. Tulielezwa habari za panya na viroboto, na za Alexandre Yersin aliyekitambua kijidudu chenyewe Hong Kong mwaka 1894. Mwalimu alikuwa akisoma tu kilichoandikwa ukutani, na baadhi yetu tulikwisha kukisoma kabla hajafungua kinywa.

Jioni ya pili alikuwa mtu mwingine. Hoja yake ilikuwa kwamba tauni haikuwaondolea watu imani, bali iliwaondolea mapadre. Padre anayeitwa kwa mgonjwa hukaa naye pumzi kwa pumzi, humsikiliza akiungama, humpaka mafuta, kisha huenda nyumba ya pili. Kwa hiyo aliyetimiza wajibu wake ndiye aliyejiweka karibu zaidi na kifo. Daftari za maaskofu wa Uingereza, ambamo kila padre mpya wa parokia aliandikwa, zinaonyesha kwamba katika majimbo kadhaa walikufa takriban asilimia 40 au zaidi ya mapadre wenye parokia. Waliobaki waliona kazi ni nyingi na watu ni wachache, wakadai malipo makubwa zaidi, au wakaziacha parokia maskini na kwenda kusoma misa za wafu waliokuwa na fedha. Mwaka 1350 Askofu Mkuu wa Canterbury, Simon Islip, alilazimika kutoa amri ya kuwawekea mapadre kikomo cha malipo, huku akiwalaumu kwa tamaa.

Hapo ndipo tuliposomewa barua ya Ralph wa Shrewsbury, askofu wa Bath na Wells, ya Januari 1349. Askofu huyo aliwaambia waumini wake kwamba anayekaribia kufa, akikosa padre, na aungame kwa mtu yeyote, hata kwa mwanamke. Bibi mmoja aliyekaa mstari wa mbele, ambaye kwa namna alivyoyajua mambo ya parokia nilidhani amelelewa na masista, alinyoosha mkono. "Mwalimu, kwa hiyo huyo mama alikuwa akiwaondolea dhambi?" Mwalimu alijibu kwa uangalifu kwamba hapana, maondoleo ya kipadre yalibaki kuwa ya padre, askofu alichotaka ni kwamba mtu asife na dhambi zake kifuani, na kama hakuna wa kumpaka mafuta, basi imani imtoshe. Bibi alitikisa kichwa kwa muda, kisha akasema, "Haya, lakini waliporudi mapadre, hao wanawake waliambiwa nini?" Swali hilo halikupata jibu, na nafikiri lilikuwa bora kuliko yote yaliyoulizwa katika mfululizo huo.

Kutoka hapo tuliingia kwenye mali. Watu waliokufa bila warithi, na matajiri walioogopa hukumu, waliliachia Kanisa mashamba na fedha ili waombewe, na kwa hiyo Kanisa likatajirika wakati uleule lilipopungukiwa na watumishi. Sehemu ya mali hiyo ilitumika vizuri: Askofu William Bateman wa Norwich alianzisha chuo cha Trinity Hall pale Cambridge mwaka 1350, nia mojawapo ikiwa kupata wasomi wa kuziba nafasi za waliokufa. Sehemu nyingine ndiyo iliyowafanya watu wa chini waanze kumtazama padre kama mtu anayeuza sala.

Mhadhara wa tatu ulihusu kazi na ujira, nao ulikuwa mzuri karibu sawa na wa pili. Vibarua walipopungua, walionusurika walidai zaidi. Mfalme wa Uingereza akatoa amri mwaka 1349, na bunge likafuata na sheria mwaka 1351, ili ujira ubaki ulivyokuwa kabla ya tauni. Hasira zilizotokana na sheria hizo, zikichangiwa na kodi ya kichwa, zililipuka mwaka 1381, na Askofu Mkuu Simon Sudbury, aliyekuwa pia waziri mkubwa wa mfalme, akakatwa kichwa na waasi mjini London.

Wa nne ndio ulioniudhi. Mwalimu aliruka kutoka kwenye tauni hadi Martin Luther, mtawa wa Kijerumani aliyeanzisha Uprotestanti, mwaka 1517, kana kwamba miaka zaidi ya 160 iliyo katikati, pamoja na mfarakano wa mapapa ulioanza mwaka 1378, ni njia moja iliyonyooka. Mauaji ya Wayahudi waliosingiziwa kutia sumu visimani, yakiwemo yale ya Strasbourg ya Februari 1349, yalipewa picha moja na dakika chache, ilhali Papa Clement VI mwenyewe, akiwa Avignon, alikwisha kuandika mwaka 1348 kuyakanusha madai hayo, akieleza kwamba Wayahudi nao walikuwa wakifa kwa tauni ileile. Tena, kwa hadhira ya pwani yenye Waislamu wengi, ni ajabu kumsahau Ibn Battuta, yule msafiri Mwislamu kutoka Morocco. Mtu aliyefika Kilwa mwaka 1331 ndiye huyohuyo aliyekuwa Damascus mwaka 1348, akaona watu wa mji wakifunga siku tatu na kutoka kuomba dua pamoja, Waislamu na misahafu yao, Wayahudi na Torati, Wakristo na Injili.

Kuhusu huduma yenyewe, viti vilitosha na jenereta iliwashwa upesi umeme ulipokatika. Makabrasha yalirudufiwa vibaya mno, ramani zikawa weusi mtupu. Jioni ya kwanza ilipangwa saa 12 na nusu, nusu ya ukumbi ikaondoka kwa sala ya Magharibi. Walipoambiwa, waandaaji walihamishia saa 2 usiku bila ubishi, jambo linalostahili shukrani. Wanasema wataurudia mfululizo huu kwa walimu wa sekondari. Wakipunguza wa kwanza na kumpa Ibn Battuta nafasi katika wa nne, nitalipa tena.