Haskell au JavaScript kwa kuanza na funksheni?

Vijana wa Goma wananiuliza kila mara: tujifunze kwa lugha gani kuandika programu kwa funksheni, yaani vipande vya msimbo vinavyopokea thamani na kurudisha nyingine? Kwa bei ya mega za intaneti, JavaScript inashinda: imo tayari ndani ya brauza, hata ya simu. Haskell, lugha ya tangu 1990, inadai mamia ya mega kabla hujaandika mstari. Ila kwa nidhamu haina mpinzani: thamani ikishapewa jina haibadiliki, na kuchanganya namba na maneno kunakamatwa kabla programu haijaanza. JavaScript inakupa `map` na `filter`, zinazotoa orodha mpya bila kugusa ya mwanzo, kisha inakuachia `push`, inayoongeza kitu na kubadilisha orodha ileile kimyakimya. Hapo nimeteleza mara nyingi. Matunzo? Programu za zamani za JavaScript kwa kawaida bado zinaendeshwa bila shida. Mwenye simu tu aanze nayo, akiikwepa `push`. Mwenye kompyuta, umeme na subira, Haskell.