CS50 ya Harvard, uzoefu wangu nikiwa nasoma diploma ya kompyuta

Jamani mnaosoma kompyuta vyuoni, hii CS50, kozi ya utangulizi wa sayansi ya kompyuta ya chuo cha Harvard cha Marekani inayosomwa mtandaoni, imenisaidia sana tena ni ya bure. Nilikuwa NTA level 5 (ngazi ya kabla ya kumaliza diploma), chuoni tunafundishwa C, lugha ya kuandikia programu, ubaoni, maabara kompyuta moja watu watatu, mtihani unaandika programu kwenye karatasi, nikapata B lakini ukiniweka mbele ya mashine hata mstari wa kwanza siujui, na hiyo kitu iliniuma mno.

Anayefundisha anaitwa David Malan. Kuna sehemu anachukua kitabu cha simu anakichana katikati, nusu anatupa, anachana tena, anakuonyesha unavyotafuta jina kwa kugawa nusu kwa nusu, yani kurasa 1,000 unachana kama mara kumi tu umefika. Mimi hiyo nilikuwa nimeikariri, ndo siku hiyo nikaielewa.

Ila utamu wote upo kwenye mazoezi. Wiki ya 4 ni memori, wanakupa nakala ya memori kadi iliyofutwa picha, uandike programu ya C inayosoma baiti 512, kisha 512 nyingine, ikikuta alama za mwanzo wa JPEG (aina ya faili la picha) inafungua faili jipya, mpaka zirudi picha 50. Nilihangaika nayo siku tisa, pointa (zile za C zinazoonyesha kitu kipo wapi kwenye memori) zinanivuruga, picha zinatoka nusu nusu. Ya kwanza ilipofunguka nzima ilikuwa saa nane usiku, nikamwamsha mwenzangu wa chumbani aje aone!

Changamoto ni bando. Video zinafika masaa mawili, nilikuwa nadaunlodi usiku kwa ubora wa chini. Kuandika programu unaandika humo humo kwenye brauza, kwahiyo laptop ya kawaida inatosha lakini mtandao ukikata na wewe umekwama. Jamaa anaongea haraka pia, washa maandishi ya chini.

Nilivyoenda fildi nikakuta ofisi inatunza wateja wote kwenye Excel, majina yamejirudia kibao, nikawatengenezea databesi kwa SQL, lugha ya kuulizia na kupanga data, ya wiki ya 7 na wakaniongezea mwezi mmoja wa kulipwa. Hiyo SQL chuoni tulikuwa hatujaifikia.

Cheti cha CS50 chenyewe ni bure ukimaliza mazoezi yote na projekti ya mwisho, cha kulipia ni kile cha edX, tovuti ya kozi za mtandaoni ambako CS50 nayo ipo. Anzeni wakati wa likizo, ukianza katikati ya semista wiki ya 4 itakukuta na test za chuo.