Summer Reading Challenge: mpango wa maktaba unaomfaa mzazi anayeshinda nyumbani na watoto

Likizo ya kiangazi ya shule za Uingereza huchukua takriban wiki sita, kuanzia mwishoni mwa Julai hadi mwanzoni mwa Septemba, na mzazi anayeshinda nyumbani na watoto wadogo huziona wiki hizo kuwa ndefu mno. Hapa London, mwishoni mwa Julai jua huzama karibu saa tatu usiku, kwa hiyo watoto hukataa kulala wakati nje bado kweupe, kisha huamka alfajiri kwa sababu mwanga umekwisha kuingia dirishani. Kambi za likizo hutoza ada kwa kila mtoto, na familia inayotegemea mshahara mmoja haiwezi kuzimudu kwa muda mrefu. Kwa wazazi wa hali hiyo naandika tathmini hii ya Summer Reading Challenge, mpango wa kusoma unaoendeshwa na maktaba za umma bila malipo, ambao nimeutumia pamoja na wanangu watatu na ambao nauthamini kuliko huduma nyingine yoyote ya likizo niliyopata kuitumia hapa.

Mpango huu ulianza mwaka 1999, na siku hizi huandaliwa na shirika la hisani la The Reading Agency kwa kushirikiana na maktaba. Umewalenga watoto wa miaka 4 hadi 11. Mtoto huandikishwa, hujiwekea lengo la vitabu atakavyosoma, ambavyo kwa desturi ni sita, na kila anaporudisha alivyosoma hupewa stika za kubandika. Akitimiza lengo lake hupewa cheti, na maktaba nyingi huongeza medali. Kila mwaka huwa na mada yake: mwaka 2023 ilikuwa michezo, 2024 ubunifu, na 2025 bustani na viumbe vyake.

Jambo lililonivutia zaidi ni kwamba mtoto huachiwa achague mwenyewe. Kitabu cha katuni huhesabiwa, kitabu cha maarifa huhesabiwa, hata kitabu cha kusikiliza huhesabiwa, na mzazi hana haja ya kusimama nyuma ya mtoto akimwelekeza kwenye vitabu vya kiwango cha darasa lake. Binti yangu mwenye miaka 7, ambaye shuleni husoma kwa kusitasita, alichukua kitabu cha viumbe vya baharini kwa sababu ya picha iliyokuwa kwenye jalada. Siku ya kukirudisha, kijana mmoja aliyekuwa akijitolea pale maktaba alimwomba amsimulie alichokipenda, akamsikiliza bila kumkatiza wala kumsahihisha, naye mtoto akaeleza kwa kirefu kwamba pweza ana mioyo mitatu. Jioni ile alimpigia simu bibi yake Tanga akamsimulia habari zile zile kwa Kiswahili, na bibi, ambaye amesafisha pweza tangu usichana wake, alimuuliza maswali mengi hata ikabidi tufungue tena kurasa tulizokuwa tumezipiga picha. Sijui mwalimu gani wa ziada angenipatia mazungumzo kama yale, kwa bei yoyote.

Kwa upande wa mzazi, faida kubwa ni kwamba wiki hupata mpangilio. Watoto wanajua siku ya maktaba, wanatayarisha begi la vitabu wenyewe, na hata mvua ikinyesha safari haivunjiki. Siku za joto kali faida hiyo huonekana zaidi, kwa kuwa nyumba nyingi za Uingereza zimejengwa kuhifadhi joto na hazina viyoyozi. Joto lilipofika nyuzi 40.3 huko Coningsby, mashariki mwa Uingereza, tarehe 19 Julai 2022, vyumba vya ghorofani vilikuwa havikaliki. Tawi letu lina dari ndefu na madirisha yanayotazama kaskazini, na pale mtu anaweza kukaa saa nzima na kigari cha mtoto bila kuulizwa atanunua nini. Mzazi aliyewahi kuzunguka mjini na watoto watatu anaelewa thamani ya hilo.

Mwanangu wa mwisho ana miaka miwili, hivyo umri wake bado haujafika. Baadhi ya maktaba huwa na shughuli ndogo za watoto walio chini ya miaka minne, na kwetu mkutubi humpa karatasi ya kupaka rangi na stika moja, inayomtosha kabisa kujiona naye ni msomaji.

Upungufu nilioukuta unatokana na tawi lenyewe. Limepunguziwa saa za kufunguliwa, siku mbili za juma mlango haufunguliwi kabisa, na katikati ya Agosti stika ziliisha, ikabidi mwanangu wa miaka 5 arudi nyumbani mikono mitupu baada ya kusoma vitabu vyake kwa bidii. Watumishi waliomba radhi na stika zilipatikana baadaye, lakini kwa mtoto wa umri huo kungoja wiki nzima ni adhabu. Halmashauri zinazopunguza fedha za maktaba zifahamu kwamba wanaoumia kwanza ni watoto ambao wazazi wao hawana mahali pengine pa kuwapeleka.

Nasikitika pia kwamba rafu ya lugha za kigeni katika tawi letu haina hata kitabu kimoja cha Kiswahili cha watoto, ingawa Waswahili tupo wa kutosha mtaani. Nilipomweleza mkutubi, alikubali hadithi tuliyoletewa kutoka Tanga ihesabiwe kama kitabu cha tano, akaandika jina lake kwenye kadi ya mtoto, na akanipa fomu ya kupendekeza vitabu vya kununuliwa. Nawasihi wazazi wenzangu waijaze fomu ya namna hiyo kwenye matawi yao, kwa sababu ombi la mtu mmoja husahaulika upesi.

Anayetaka kuanza awaandikishe watoto mapema, ikiwezekana kabla shule hazijafungwa, kisha aulize siku ambazo watu wa kujitolea huwepo. Kadi ya maktaba ya mtoto ni bure, na matawi mengi huitoa papo hapo.