Pilot Sport 4 kwenye Crown Athlete: ongeza mpira, usiongeze inchi

Wenye Toyota Crown Athlete wengi hapa Mwanza huanza na rimu: niweke inchi 19 au 20? Mpira unafikiriwa mwisho, kwa hela iliyobaki. Hapa tunaanza na mpira wenyewe: Michelin Pilot Sport 4, saizi 225/45R18 (upana milimita 225, ubavu asilimia 45 ya upana huo, rimu ya inchi 18), ile ile ambayo Athlete nyingi hutoka nayo kiwandani.

Ubavuni limeandikwa 95Y XL. 95 maana yake tairi moja linabeba hadi kilo 690, Y ni mwendo wa hadi kilomita 300 kwa saa, na XL ni tairi lililoimarishwa. Hakuna atakayefika 300 kati ya Usagara na Misungwi, na asijaribu. Unacholipia hapa ni breki kwenye maji. Daraja lake la kushika barabara iliyolowa ni AA, la juu kabisa. La kuhimili joto ni A. La kuchakaa ni 320. Hiyo 320 ndiyo bei ya pili ya tairi hili. Matairi mengi ya kawaida ya safari yana 400 na kuendelea, kwa hiyo tegemea hili kuisha mapema. Na AA isikupe kiburi: kipimo chake ni breki za mstari ulionyooka, kwenye lami na zege lililolowa. Kona hazimo.

Mvua ikipiga, maji yanateremsha mchanga na changarawe kutoka vilimani Isamilo na Bugando mpaka kwenye lami. Juu ya maji tairi hili linatulia, mifereji yake inatoa maji vizuri. Juu ya mchanga uliobaki baada ya maji kukauka, litateleza kama tairi lolote.

Sasa inchi. 225/45R18 ina ubavu wa milimita 101. Ukipanda 19 kwa 225/40, ubavu unabaki 90. Ukipanda 20 kwa 245/30, unabaki 73 na nusu. Kimo cha gurudumu zima hakibadiliki sana (660, 663, 655), hivyo spidomita haidanganyi na gari linakaa palepale. Kilichopungua ni nyama kati ya rimu na jiwe. Kwenye barabara za mawe zinazopanda vilimani, au shimo lenye ukingo mkali, ubavu mfupi unabanwa kati ya mdomo wa rimu na ukingo wa shimo. Nyuzi za ndani zinakatika huku mpira wa nje ukiwa mzima. Baada ya siku kadhaa ubavu unatoa kinundu kama yai. Kinundu hakizibwi wala hakirudi ndani. Tairi hilo ni la kutupa, hata kama kashata zake (meno yanayogusa barabara) ni mpya, na fundi atakayekwambia "linaenda tu, bosi" hatakuwa nawe siku litakapopasuka.

Kwa hiyo maoni yetu: 18 inatosha. Ishirini ni ya picha za Capri Point.

Mwenye Crown Royal, toleo jingine la Crown, iliyotoka na 215/60R16 ana mtego wake. Akiona rimu za 18 akazivisha 225/40, kimo kinashuka kutoka milimita 664 hadi 637. Spidomita ikisoma 100, gari liko 96. Kilomita zinahesabiwa kupita ukweli. Tumbo la gari linashuka karibu milimita 14, na matuta yetu yanajulikana. Saizi sahihi kwake ni hiyo hiyo 225/45R18.

Rimu za Crown hizi ni za studi tano, zilizopangwa kwenye duara la milimita 114.3, tundu la kati milimita 60.1. Rimu nyingi za dukani zina tundu la 73.1 ili ziingie magari mengi, na hapo ndipo sheki inapoanzia. Gurudumu linafanyiwa balansi mara tatu na bado usukani unatetemeka kwenye 80 au 100, kwa sababu rimu haijakaa katikati ya habu. Dawa yake ni ringi ya plastiki au alumini ya 73.1 kwa 60.1. Soma pia ofseti (milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu) nyuma ya rimu ya zamani: kila ikipungua 10, gurudumu linatoka nje milimita 10 kuelekea madigadi. Upana wa rimu unaokubalika kwa 225/45 ni inchi 7 hadi 8 na nusu.

Wakati wa kufunga, simama hapo hapo. Tairi hili lina upande wa nje na wa ndani, limeandikwa OUTSIDE na INSIDE, na fundi mwenye haraka huligeuza. Asitumie nondo, ubavu mfupi unataka mashine yenye mkono wa kusaidia. Tazama tarehe: tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyoandikwa ubavuni, 2325 ni wiki ya 23 ya 2025. Na kama gari limetoka Japani karibuni, angalia usije ukawa unatembelea matairi ya theluji, yenye neno STUDLESS. Mpira wake ni laini mno, na lami ya Mwanza yenye jua inaula kama kifutio.

Hela ikitosha mawili tu, weka mapya nyuma, hata kama Crown yako inaonekana kuhitaji mbele. Nyuma ikiteleza kwenye maji, madereva wengi hawairudishi.

Upepo ufuate kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, upimwe asubuhi tairi likiwa baridi. Ukishusha springi bila alaimenti (kunyoosha magurudumu), tairi litakula ndani, mahali usipopaona ukiwa umesimama. Waya zikitokeza huko, kashata za nje bado zinang'aa.

Nati ni M12 x 1.5, zikazwe kwa mtindo wa nyota hadi Nm 103 kwa spana ya kupima nguvu ya kukaza, kisha zirudiwe baada ya kilomita 100, yaani ukienda Shinyanga, simama njiani uzikaze.