Kukaa viti vya mbele bure: Delta, United na American kwenye mizani

Kwa anayeishi Dallas, Houston au Minneapolis na kupanda ndege kila mwezi, ahadi inayovutia kuliko zote katika mipango ya maili, yaani ya kuwazawadia wateja wa kudumu, ya mashirika haya matatu ya ndege ya Marekani ni ya kuhamishiwa daraja la kwanza bila kulipa. Ahadi ni ya kweli, lakini walioahidiwa ni wengi kuliko viti. Zamani sehemu kubwa ya viti vya mbele kwenye safari za ndani ya Marekani ilikwenda kwa wateja wa kudumu. Leo vingi vinauzwa, na biashara inaendelea hadi dakika za mwisho, kwa sababu apu humwonyesha abiria yeyote nyongeza anayoweza kulipa asogee mbele, wakati mwingine nyongeza ndogo tu. Mwenye hadhi, yaani ngazi ya uanachama ambayo shirika humpa mteja wake wa kudumu, hupewa kile ambacho hakuna aliyekinunua.

Foleni ya kupandishwa bure huanza kusogea kwa saa tofauti kulingana na ngazi, hapa zikitajwa kuanzia ya juu kwenda ya chini. Delta huanza na Diamond na Platinum saa 120 kabla ya safari, kisha Gold saa 72, na Silver saa 24. United huwapa 1K saa 96, Platinum 72, Gold 48, Silver 24. American huwapa Executive Platinum saa 100, Platinum Pro 72, Platinum 48, Gold 24. Saa hizo zinaonyesha ni lini jina lako linaweza kuanza kufikiriwa tu. Shirika likiona bado lina nafasi ya kuuza, hushikilia viti na kuvigawa getini. Kwa hiyo ngazi ya chini kabisa, yaani Silver ya Delta na United au Gold ya American, tunaipa alama ya chini kwa jambo hili. Ichukue kwa ajili ya begi na kuingia ndegeni mapema. Ukiikimbilia kwa sababu ya kiti cha mbele utaumia moyo.

Gharama ya kupanda ngazi nayo ipimwe. Tangu 2024 Delta huhesabu fedha peke yake: MQD (dola za matumizi zinazohesabiwa kwa ajili ya hadhi) 5,000 kwa Silver, 10,000 kwa Gold, 15,000 kwa Platinum, 28,000 kwa Diamond. American hutumia pointi zake ziitwazo Loyalty Points: 40,000 kwa Gold, 75,000 kwa Platinum, 125,000 kwa Platinum Pro na 200,000 kwa Executive Platinum, na manunuzi ya kadi yao ya benki huingia kwenye hesabu, pointi moja kwa kila dola. Zaidi ya hapo, watu wa ngazi moja wakishindania kiti, American huangalia nani ana Loyalty Points nyingi katika miezi 12 iliyopita. Mwenye duka anayelipia bidhaa zote kwa kadi hiyo anaweza kumpita anayelala viwanja vya ndege kila wiki. Kwa mfanyabiashara, hapo American inashinda. Kwa msafiri anayetegemea safari peke yake, tunaona ni dhuluma.

Jambo ambalo wengi hawalitazami wakati wa kukata tiketi ni aina ya ndege, nalo lina uzito kuliko shirika. Boeing 737-800 ya American ina viti 16 vya mbele kati ya 172, takriban kimoja kwa abiria 11. Airbus A321neo ya Delta ina 20 kati ya 194. Embraer 175, ndege ndogo ambayo wengi huidharau, ina 12 kati ya 76. CRJ-550 ya United ina 10 kati ya 50, yaani kimoja kwa kila abiria watano, na kati ya ndege hizi hakuna nyingine inayompa mwenye Gold nafasi nzuri hivyo. Angalia jina kwa makini, kwani CRJ-200 nayo ina viti 50 lakini daraja la kwanza haina kabisa.

Siku na njia zifuate. Jumatatu asubuhi, Alhamisi jioni na Jumapili jioni ndege hujaa watu wa ofisi wenye hadhi za juu. Jumanne mchana, Jumatano na Jumamosi hali ni nafuu. Safari inayounganisha vituo vikuu viwili vya shirika lilelile, kama Atlanta na Minneapolis kwa Delta, ndiyo ngumu kuliko zote, maana kila upande umejaa wenyeji wenye kadi.

Makosa yanayomwondoa mtu kwenye foleni bila yeye kujua ni haya. Tiketi ya bei ya chini kabisa: Delta na United hazimpandishi daraja aliyenunua aina hiyo, hata awe na hadhi gani. Namba ya mpango usio sahihi: mwenye kadi ya dhahabu ya ShebaMiles, mpango wa maili wa shirika la Ethiopian, ambalo tangu 2011 limo pamoja na United katika muungano wa mashirika wa Star Alliance, akiunganisha safari Washington kwa United atapata begi la ziada na kuingia mapema, lakini hatawekwa kwenye foleni ya bure. Foleni hiyo kimsingi ni ya wanachama wa United wenyewe. Kosa la tatu huwapata wanandoa: mkiwa wawili kwenye tiketi moja na kiti kilichobaki ni kimoja, kompyuta huwaruka na kumpa wa nyuma yenu. Mkikubali kukaa mbalimbali, pigeni simu mapema mwombe mtenganishwe katika tiketi mbili. La nne ni kubadili safari siku ileile. Nafasi yako kwenye foleni ya kwanza haikufuati.

Usikadirie bahati yako kwa ramani ya viti. Kiti kinachoonekana kitupu huenda kimeshauzwa kwa mtu ambaye hajachagua pa kukaa. Soma orodha ya kusubiri kwenye apu siku ya safari: viti vilivyobaki, waliokwisha kuingizwa, na wewe ni wa ngapi. Kuvaa suti au kumsifu mhudumu hakusaidii, kwa kuwa orodha imepangwa na kompyuta.

Safari za kuvuka bahari ni habari nyingine. Foleni hii ya bure haifiki huko. United hutoa PlusPoints, pointi za kuombea kupandishwa, 40 kwa anayefika Platinum na 280 zaidi akifika 1K, na hizo hutumika kuomba kiti cha Polaris, daraja lake la biashara. Kwa mashirika mengine mengi, kupandishwa bure hutokea pale daraja la kawaida lilipouzwa kupita viti vyake, na hapo mwenye hadhi aliye peke yake, asiye na chakula maalumu alichoagiza, ndiye huwa rahisi kuhamishwa.