Wodi ya wanawake: sindano zinakuja kwa wakati, kugeuza mgonjwa ni juu yenu

Nawapa nyota 3 kati ya 5. Jina la hospitali silitaji, ipo hapahapa Tabora mjini, tulimlaza shangazi alipopata kiharusi.

Mazuri yapo. Dripu ikiisha mtu anakuja, sindano za usiku zinachomwa, presha inapimwa na kuandikwa, daktari akipita asubuhi anakuta faili limejaa. Shida ni yale yasiyoandikwa kwenye faili, hayo ama hayafanyiki ama mnafanya wenyewe. Mgonjwa asiyejigeuza anatakiwa ageuzwe kila baada ya masaa mawili hivi, la sivyo vidonda vinamtoka makalioni na kwenye visigino, wetu alilala chali toka asubuhi mpaka mchana tukawa tunamgeuza sisi kwa kubahatisha. Uji nao, mtu wa kiharusi anapaliwa kirahisi, inabidi aangaliwe kwanza kama anameza vizuri na anyweshwe ameketishwa, hilo tuliambiwa na dada anayemuuguza mama yake kitanda cha jirani, sio na mwenye yunifomu! Kupigwa mswaki ndo usiseme.

Sasa watu watarukia kusema manesi wana roho mbaya. Mi nimelala pale naona sio hivyo. Usiku nesi mmoja na mhudumu mmoja, wodi imejaa mpaka magodoro ya chini, na huyohuyo nesi ndo anafuata dawa, anatafuta glavu wodi ya pili, anajaza makaratasi ya bima. We ungeacha nini hapo? Si kile ambacho kesho hakuna wa kukuuliza. Kuna profesa wa uuguzi Marekani, Beatrice Kalisch, mwaka 2006 alitoa utafiti wa kuwauliza manesi wenyewe kinachoachwa, wakataja hayohayo, kugeuza, kutembeza, kulisha, usafi, kumfariji mtu, kumwelekeza kabla ya kuruhusiwa, na sababu zao ni watu wachache, muda, kutoshirikiana, "sio kazi yangu", halafu mazoea, ukishaacha leo kesho huoni shida. Na sio mambo madogo, utafiti wa nchi 9 za Ulaya uliotoka kwenye jarida la Lancet 2014 ulikuta kila anapoongezeka mgonjwa mmoja kwa nesi mmoja kunaendana na uwezekano wa waliofanyiwa upasuaji kufa ndani ya siku 30 kupanda kwa 7%.

Ila uchache hauelezi yote, na hapa ndo nyota 2 zimekatika. Mchana walikuwa wengi, na wanafunzi wa field juu, bado shangazi hakugeuzwa. Nesi anajua mwanafunzi kageuza, mwanafunzi anajua ndugu wamegeuza. Zamu zinakabidhiana mezani, wakati wangepita kitanda kwa kitanda wangeona mtu yuko vilevile alivyoachwa, na hilo halisubiri ajira mpya wala bajeti, ni la mkuu wa wodi tu.

Siku ya kuruhusiwa mfuko wa dawa tukapewa, mazoezi ya mkono tukaelezwa tukiwa tunatoka, juujuu.

Mkienda bebeni mito ya ziada na mtu mwenye nguvu wa kulala wodini na mgonjwa. Mwombeni sista mapema awaonyeshe kugeuza, yule wa usiku tulimwambia "samahani sista, tuelekeze" akatuelekeza vizuri tu, tena anacheka na shangazi. Vyoo visafi, maji yapo.